Shingo ya fundi cherehani: tiba nilizolipia na ipi imenisaidia

Habari zenu wakuu. Mi ni fundi cherehani hapa Dar, mwaka wa 12 huu nashona, na hii naandika kwa ajili ya mafundi wenzangu na wale wanaokaa na kompyuta kutwa nzima maana shida yetu ni moja, shingo. Msimu wa sare za shule uliopita, Desemba kuingia Januari, nilikuwa napiga masaa 14 kwenye cherehani, kichwa chini, na ukishona uzi wa bluu kwenye kitambaa cha bluu iliyokoza huoni kitu mpaka uiname kabisa, basi kufika wiki ya pili ya Januari nikawa siwezi kugeukia kulia. Maumivu yanaanzia kisogoni yanashuka mpaka juu ya bega, usiku naamka napanga mito upya, asubuhi kichwa kinauma.

Cha kwanza nilichofanya ni kile tunachofanya wanaume wengi, nikamwachia kinyozi. Kamaliza kunyoa, kashika kidevu, kazungusha, ikalia tah! Siku mbili nafuu kweli, ya tatu maumivu yamerudi vilevile. Baadaye fizio, yaani mtaalamu wa tiba ya viungo, ndo alinielewesha kwamba kuna wataalamu waliosomea ambao wanaistua shingo hivyo, ila wanakupima kwanza na wanakuuliza historia yako, kwa sababu mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo inapita ndani ya pingili za shingo, na ikichanika unaweza kupata kiharusi. Haitokei mara nyingi, lakini kinyozi hajakupima chochote. Ndugu zangu nawaomba kabisa, hii kitu tuiache.

Kliniki ya kwanza niliyoenda siitaji jina. Kila siku ni taa nyekundu ya joto dakika 15, halafu wanakubandika zile pedi za umeme zinazotekenya dakika 20, mwisho kuchuliwa kidogo na mafuta. 25,000 kwa siku, nimeenda mara 6, laki na nusu imeondoka. Sisemi ni uongo, ukitoka pale mlangoni unajisikia mwepesi, na ule umeme unatuliza maumivu kweli kwa muda, ila nikirudi kushona, kufika saa moja jioni nipo palepale. Na kilichoniuma zaidi, mara zote 6 hakuna aliyeniuliza nafanya kazi gani wala nakaaje. Mkanda wa kunyoosha mgongo nao nilinunua Kariakoo, unakata kwapani na joto hili la Dar huwezi kuvaa lisaa, sina la ziada hapo.

Sasa kliniki ya pili. Dada fizio alinihoji na kunipima karibu dakika 40. Alinigonga na kinyundo cha mpira viwikoni, akaniambia nimbane vidole kwa nguvu, akauliza kama mikono inakufa ganzi, kama miguu inayumba nikitembea, kama nilishaanguka au nina homa. Kasema ningejibu ndiyo hata kwa moja hapo asingenigusa kwanza, angenipeleka kwa daktari. Halafu akasema kaa hapa unioneshe unavyoshona. Nikakaa kwenye stuli, mikono mezani, kichwa kikaenda chenyewe mbele. Akanipiga picha ya pembeni kwa simu yangu mwenyewe, nikaona sikio liko mbele ya bega karibu upana wa vidole vinne. Kichwa cha mtu mzima kina kama kilo 5, na kuna hesabu ya daktari mmoja wa Marekani ya mwaka 2014 kwamba ukiinamisha nyuzi 60 mzigo shingoni unafika kama kilo 27. Ila dada akaongeza kwamba hakuna mkao wenye dhambi, tatizo ni kuganda kwenye mkao mmoja masaa.

Alinipa vitu vitatu. Cha kwanza kinatokana na njia ya McKenzie, fizio wa New Zealand: unakaa wima unarudisha kidevu nyuma moja kwa moja kama droo inavyofungwa, usiinamishe wala usiinue, unashika kidogo unaachia, mara 10, kila baada ya masaa mawili. Hiki kilinipa nafuu ya haraka, siku ya nne kichwa asubuhi hakiumi.

Cha pili ndo hiki ninachokisifia. Unalala chali, akaweka chini ya shingo kifuko cha hewa chenye mita kama ile ya presha, akajaza mpaka 20, akaniambia itikia "ndiyo" taratibu bila kunyanyua kichwa, mshale upande mpaka 22 ushike sekunde 10. Jamani nimebeba marobota ya vitambaa maisha yangu yote lakini kupandisha namba mbili tu shingo ilitetemeka! Anaweka kidole pembeni ya koo, ule msuli mrefu ukitokeza umekosea, maana kazi inatakiwa ifanywe na misuli midogo ya ndani, na kwangu ilikuwa imelala. Wiki ya sita nilifika 28. Nyumbani nafanya na taulo lililokunjwa, kidole changu mwenyewe pembeni ya koo.

Cha tatu ni cha kugeuka, unapitisha pindo la taulo kwenye pingili inayouma, unavuta kuelekea usawa wa macho huku unageuka pole pole. Hii ni njia ya Mulligan, fizio mwingine wa New Zealand. Kwangu kilifungua upande wa kulia palepale, ila bila kile cha pili kilikuwa hakidumu. Mazoezi ya kurudisha mabega nyuma kwa mpira yapo pia, hayo kila mtu anayajua.

Gharama: 40,000 siku ya kwanza, 30,000 zilizofuata, nimeenda mara 5 ndani ya wiki nane, yaani 160,000, tofauti ya elfu kumi tu na kule kwenye taa. Ubaya wake foleni ni ndefu, Jumamosi nilikaa masaa mawili kwenye benchi lisilo na egemeo, hapo wajirekebishe. Na mazoezi usipofanya nyumbani usimlaumu mtu, wiki niliyosafiri msibani niliacha na maumivu yalianza kunyemelea.

Kibandani nimeinua cherehani kwa vipande vya mbao, nimenunua taa ndogo inayomulika sindano ili nisiiname kutafuta uzi, na dada alinipa kanuni moja ambayo sijaivunja mpaka leo: bobini (kile kigurudumu kidogo cha uzi wa chini) ikiisha, nisimame. Nilikuwa najaza bobini sita kwa mpigo ili nisipoteze muda. Siku hizi najaza moja, ikiisha nasimama, nafunga droo yangu ya kidevu mara kumi, ndo najaza nyingine. Juzi mteja kaniita kutoka upande wa kulia, nikageuka nikamwitikia, nikakumbuka Januari.