Kitufe cha "niko salama" cha Facebook, maoni ya mtu aliyekuwa mbali

Niseme mapema, mi sijawahi kuwa ndani ya shambulio la kigaidi na Mungu aniepushie. Mi ni yule wa upande wa pili, yule anashtuliwa usiku na simu kwamba kuna mlipuko mji fulani watu wamekufa, alafu anakaa kitandani anaburuza kidole gumba kwenye kioo mpaka alfajiri na hakuna hata kimoja anachoweza kufanya. Wengi wetu tuko huku bana. Kwahiyo naiandikia Safety Check ya Facebook kwa macho yetu sisi, maana kila anayeisifia anaongea kama ni kitu cha aliyeko kwenye tukio peke yake.

Kwa asiyeijua, ni hivi. Likitokea janga, Facebook inawauliza walioko eneo lile kama wako salama, mtu anabonyeza mara moja na marafiki zake wanapata taarifa, basi. Ilianza Oktoba 2014, wazo lilitoka kule Japani baada ya tetemeko na tsunami ya 2011 watu walivyokuwa wanatafutana mitandaoni, na mwanzoni ilikuwa ya majanga ya asili tu, matetemeko, vimbunga, vitu kama hivo. Ugaidi haukuwemo.

Kwa hiyo kazi yake ya msingi sina neno. Rudi nyuma kidogo, Agosti 7, 1998, mabomu ya Nairobi na Dar es Salaam, watu zaidi ya 200 wakafa, na wakati ule nani alikuwa na simu mfukoni? Wachache sana. Kama ndugu yako alitoka asubuhi kwenda mjini ilibidi umfuate kwa miguu yako, hospitali hii hamna, ile hamna, na kule kwa mwisho unajua mwenyewe. Leo mtu anabonyeza tu na mama yake aliye mbali huko anashusha pumzi. Alafu kuna hili watu hawalisemi, baada ya tukio kila mtu anapiga simu kwa pamoja na laini zinazidiwa, lakini kataarifa kadogo ka intaneti mara nyingi kanapenya. Na aliyejificha chini ya meza si wa kumpigia simu jamani, ikiita pale umemchongea, bora ajibu mwenyewe akishafika pa kujibia.

Ila sasa tuje kwenye yale mengine.

Mara ya kwanza kuwashwa kwa ajili ya ugaidi ilikuwa Paris, Novemba 13, 2015, usiku ule waliuawa watu 130. Facebook wenyewe walisema ndani ya saa 24 watu milioni 4.1 walijitia alama kwamba wako salama, na taarifa zikawafikia watu milioni 360. Hebu zipige hesabu hizo namba taratibu. Kwa kila mmoja aliyebonyeza kulikuwa na karibu 90 wameshika simu wanasubiri! Yaani kitufe wametengenezewa wale ila wateja wenyewe ni sisi huku, tuliokaa tunatazama.

Na jana yake tu, Novemba 12, Beirut, Lebanoni, ililipuliwa wakafa zaidi ya 40, na hakuna kitufe kilichowashwa. Watu wa kule wakauliza, na sisi je? Zuckerberg, bosi wa Facebook, akajibu kwamba hadi muda ule utaratibu wao ulikuwa majanga ya asili tu na ndo wameubadilisha, na siku chache mbele wakaiwasha kwa mlipuko wa Yola, Nigeria. Jibu lina mantiki, sikatai, lakini jiweke kwenye nafasi ya aliyetoka makaburini Beirut alafu anafungua simu anakuta nusu ya dunia imeweka bendera ya Ufaransa kwenye profaili. Mi mawazo yalienda Garissa, Kenya, Aprili mwaka uleule, watu 148 waliuawa na magaidi pale chuo kikuu, wengi wao wanafunzi, wazazi wanapiga namba ya mtoto hazipokelewi. Wao walibaki na kupiga tu.

Baadaye, mwishoni mwa 2016, waliacha kuamua peke yao, ikawa inategemea na watu wa eneo husika wanavyoposti kuhusu tukio, na hilo nalipongeza. Hitilafu zimewahi kuwepo pia, shambulio la Lahore, Pakistani, la Machi 2016 watu wa nchi za mbali kabisa waliulizwa kama wako salama, ikabidi waombwe radhi.

Sasa yangu. Kuna siku lilitokea shambulio mji ambao nina rafiki anasoma, siutaji. Nikafungua orodha, marafiki walioko kule ni saba, sita wameshajitia alama, yeye bado. Nikahamia WhatsApp, "uko wapi", tiki moja. Nikasubiri, tiki moja. Nikaandika tena kama vile kuandika mara ya pili kutaongeza tiki. Usiku ule niliposti mshumaa, nikabadilisha picha ya profaili, nikagombana na mtu nisiyemjua kwenye komenti, nikafungua ile orodha sijui mara ngapi, na vyote hivo havikumsaidia mtu yeyote, hata mi mwenyewe. Mikono ilikuwa inatafuta kazi tu.

Asubuhi ikaingia: "nlikuwa nimelala, kwani kuna nini?"

Nililia, kisha nikacheka, kisha nikaweka simu pembeni nikalala usingizi mzito kabisa. Na hapo ndo pananisumbua mpaka leo. Idadi ya waliokufa ilikuwa bado inapanda, ila orodha yangu ilikuwa imetimia kwahiyo kwangu mi tukio lilikuwa limeisha. Kosa si la kitufe, kitufe kilinionyesha watu wangu kama kilivyoahidi. Ni mi nilidhani kile kilichokuwa kinanikaba usiku kucha ni uchungu wa wale watu wote, kumbe ilikuwa tiki moja.

Kwahiyo anayeifungua akitegemea itamtoa kwenye ule unyonge, haitoi. Inatoa wasiwasi wa mtu wako, na hiyo si ndogo. Kitu pekee kilichonisaidia kidogo, na wala si cha Facebook, ni kujua kwamba damu inayookoa majeruhi saa zile za kwanza ni ile ambayo tayari iko kwenye friji, imetolewa na mtu wiki kadhaa nyuma siku ambayo hakuna habari yoyote, hakuna mshumaa wala bendera. Nimeshaenda mara mbili. Unalala pale dakika kumi na kitu unatazama dari, simu iko mfukoni.

Nyota 4 kati ya 5 kwa walioko kwenye tukio, kwa sisi wa mbali naipa 3. Na yule rafiki nimemwomba siku nyingine asizime simu akilala, kasema mi ndo nizime yangu.