Magugu ya jamii ya nyasi kwenye ukoka wa nyumbani: ununue nini, na kipi kwanza

Ukiingia duka la pembejeo, Dar es Salaam au Mombasa, ukasema tu kwamba unataka dawa ya magugu ya bustani, unaweza kutoka na 2,4-D au glaifosati. Ya kwanza huua magugu ya majani mapana na kuziacha nyasi, zikiwemo zile usizozitaka. Ya pili huua karibu kila chenye kijani, ukiwemo ukoka wenyewe. Hapo pesa imekwenda na tatizo limebaki, kwa hiyo kabla ya kutoa hata shilingi, lichunguze gugu lako.

Lisokote shina kati ya vidole. Likiwa na pembe tatu, hilo ni ndago, ambalo si nyasi hasa na lina dawa yake. Likiwa limelala chini, shina bapa na jeupe kuelekea mzizini, kichwa cha mbegu kimetanuka mithili ya vidole, hilo ni ndugu wa karibu wa ulezi. Hupenda ardhi iliyoshindiliwa, kandokando ya geti na pale gari linapokanyaga. Ukifukua ukakuta mashina meupe yenye ncha kali yanayotambaa chini kwa chini, umekutana na sangari, na huyo ndiye adui mgumu kuliko wote.

Kwa bustani nyingi za nyumbani naweka namba moja muo mfupi au kijembe chembamba cha mkono. Si kwa sababu ni rahisi kwa bei tu. Hakuna dawa ya kawaida madukani inayong'amua kwamba huu ni ukoka wa bwana mwenye nyumba na lile ni gugu la jamii hiyohiyo. Mkono wako unang'amua. Fanya kazi siku moja baada ya mvua, udongo ukiwa laini, na mtangulie mmea kabla haujatoa mbegu. Penye kipara shindilia vipandikizi vya ukoka siku hiyohiyo, kwa kuwa udongo ulio wazi ni mwaliko kwa mbegu zinazosubiri. Kwa gugu la jamii ya ulezi, toboa pia ardhi kwa uma wa bustani ili maji na hewa vipite. Usipofanya hivyo litarudi palepale.

Namba mbili ni pendimethalini, dawa inayozuia mbegu zisichipue. Hii ndiyo ningemshauri mwenye eneo kubwa, ila ina masharti. Pulizia kabla ya mvua za masika kushika, na tena kabla ya vuli, kisha mwagilia kidogo ili ishuke kwenye tabaka la juu la udongo. Gugu lililokwisha kuota haiwezi kulifanya kitu. Na ukoka uliopandwa karibuni usiuguse, kwa sababu dawa hii huzuia mizizi michanga kushika. Soma lebo uone kama aina ya nyasi yako imetajwa.

Tatu ni halosulfuroni, kwa mwenye ndago peke yake. Ukiling'oa ndago kwa mkono, jani linakatika na vifundo vinabaki chini vikichipua upya, kwa hiyo hapa dawa inastahili gharama yake. Nyasi za bustani kama pasipalamu, Bermuda na ukoka wa Kikuyu huivumilia vizuri. Usikate nyasi siku mbili kabla na mbili baada ya kupulizia, na uwe na subira: ndago hunyauka taratibu, wiki mbili hata nne, na awamu ya pili huhitajika mara nyingi.

Nne ni glaifosati, lakini kwa sifongo, si kwa pampu. Acha kukata nyasi mpaka sangari liinue majani juu ya ukoka, vaa glavu za mpira, changanya kufuatana na lebo, halafu pangusa majani ya gugu tu. Tumia maji masafi. Maji ya tope huidhoofisha dawa hii kwa kuwa hunata kwenye udongo. Wapo wanaoikwepa kabisa tangu shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa lilipoiweka mwaka 2015 katika kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani, na siwalaumu, hasa penye watoto wanaocheza uani.

Parakwati, dawa nyingine ya kuua magugu, usiinunue. Huchoma majani tu na kuliacha sangari likichipua, na mfuniko mmoja uliomezwa kwa bahati mbaya unaweza kuua mtu, wala haina kiuasumu. Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku mwaka 2007. Chumvi nayo iache jikoni, inaharibu udongo.

Dawa yoyote utakayochagua, chukua chupa yenye lakiri, lebo inayosomeka, tarehe ya mwisho na namba ya usajili: Tanzania ni ya TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu; Kenya ni ya PCPB, bodi inayosimamia viuatilifu. Dawa iliyomiminwa kwenye chupa ya maji ya kunywa ikatae, hata kama muuzaji ni jirani yako.

Mashine ya kukatia nyasi ni sehemu ya vita hii. Kata mara kwa mara, usiondoe zaidi ya theluthi moja ya jani kwa mkato mmoja. Ukoka uliokatwa hadi udongo ukaonekana unawapa magugu jua bure. Samadi mbichi na lori la udongo mweusi pia huingiza mbegu na vifundo vya ndago uani.

Sangari likishatawala zaidi ya nusu ya uwanja, kuokoa vipande ni kujichosha. Hapo ndipo glaifosati ya pampu ina nafasi: ua vyote, mwagilia wiki kadhaa, ua tena kinachochipua, ndipo upande ukoka mpya. Ukifika kwenye kitalu, mwombe muuzaji apasue kipande kimoja mbele yako uone mizizi. Ukiona vifundo vyeusi au mashina meupe yenye ncha, nenda kitalu kingine.