Yamaha HS5 sebuleni: spika za studio kwa sisi tusio na studio

Mimi si prodyuza. Nilitaka tu kusikiliza taarab na rumba za zamani bila sabufa kumeza kila kitu, nikachukua jozi ya Yamaha HS5.

Kanuni (ile ala ya nyuzi ya taarab) na fidla zinasikika kila moja mahali pake, hata pumzi ya mwimbaji kabla hajaanza ubeti. Lile gitaa la pili la rumba, ambalo kwenye redio hujificha nyuma ya solo, hapa unalifuata mwanzo mpaka mwisho. Ila rekodi mbovu nayo inaumbuka: MP3 za kwenye flashi, zilizokopiwa kutoka huku na kule, zinakera kweli.

Koni yake, ile sehemu inayotetemeka kutoa besi, ni ya inchi 5, na besi inashuka hadi Hz 54 hivi (mitetemo 54 kwa sekunde), basi. Mpenzi wa singeli ya kutikisa madirisha atanuna. Tundu la besi liko nyuma, kwa hiyo ukizibandika ukutani zinavuma. Zisogeze mbele, au tumia swichi ya kupunguza besi kwa desibeli 2 au 4. Twita, yaani vile vipaza vidogo vya sauti nyembamba, ziwe usawa wa masikio, nawe ukae katikati. Ukiwa jikoni utamu wote unapotea.

Amplifaya imo ndani, lakini kila spika inataka soketi yake. Hakuna Bluetooth wala rimoti, na swichi ya kuwashia iko mgongoni (nani alifikiria hivyo?). Simu utaiunga kwa waya wa jeki ndogo unaogawanyika kuwa jeki mbili kubwa. Mwenye sherehe za uani atafute kitu kingine. Mimi zangu siuzi.