Nusu kilo ya mbuzi, na robo iliyoliwa meza ya 9

Nyama ya pale ni nzuri. Naanza na hilo mapema, maana nikishafika kwenye habari ya meza sitakuwa na neno zuri tena. Ni sehemu ya nyama choma Sinza, Dar, jina naliacha. Ilikuwa mwisho wa mwezi, watu wana hela, pamejaa, na mimi nilikwenda mwenyewe.

Bei sizitaji, zimeandikwa ukutani. Anayekula peke yake hasumbuliwi na bei, anasumbuliwa na mizani. Sehemu nyingi mbuzi anaanzia nusu kilo, ukitaja robo unatazamwa kama umekuja kuomba. Na nusu kilo hiyo ni ya nyama mbichi, mfupa ukiwemo. Ikitoka jikoni imeshapungua kama theluthi hivi, maji na mafuta yameishia kwenye makaa. Ukipewa mbavu, utakachotupa ni kingi kuliko utakachotafuna. Kwa hiyo omba paja, simama mwenyewe mbele ya mizani, na mwambie mchomaji akate kwenye maungio, asipasue mfupa kwa panga. Vile vijipande vya mfupa vikiingia kwenye nyama ndivyo vinavyovunja watu meno.

Halafu usikubali nusu kilo yote ije mezani kwa mkupuo. Mafuta ya mbuzi yanaganda upesi. Watu wanne wataimaliza ikiwa bado inatoa moshi. Mtu mmoja akifika katikati anakuta weupe kama nta umeshika sahani na sasa unashika kaakaa. Chukua robo kwanza, robo nyingine asogeze pembeni ya wavu, mbali na makaa, ikae na joto bila kuendelea kukauka.

Mchomaji wa pale hakuambiwa mara mbili. Kila mafuta yalipodondoka na moto kuruka, aliivuta nyama pembeni, hakuiacha ibabuke nje huku ndani mbichi. Dakika arobaini hivi. Robo ya kwanza ikaja na ndizi mbili za kuchoma, kachumbari, chumvi, ndimu na pilipili mbuzi iliyopondwa. Nje inalia ukiuma, ndani ina maji yake. Ningeondoka wakati ule ningetoa nyota tano.

"Kaka, samahani, uko peke yako?"

Ni mhudumu, na kiti cha mbele yangu anakiona kitupu. Vidole vyangu anaviona vina mafuta. "Naomba usogee pale, kuna watu sita wanakuja." Sijajibu, sahani ameshaibeba. Pale penyewe ni kijimeza kando ya sinki la kunawia, chini ya feni. Mtu mzima yuko katikati ya kula unamhamisha kama kreti la soda!

Adabu tuiache, kazi yenyewe hakuijua. Oda zinaandikwa kwa namba ya meza. Ukimhamisha mteja, unabadilisha namba jikoni na unabadilisha kaunta, zote mbili, papo hapo. Yeye hakubadilisha hata moja. Feni ikapooza nyama ndani ya dakika tano, kila anayenawa ananirushia matone, na robo yangu, ile ya pembeni ya wavu, ikapelekwa meza ya 9 nilikotolewa. Wale jamaa wakaila. Siwalaumu sana, nyama ya moto imetua mbele yako utauliza ni ya nani?

Bili nayo ikaja na bia nne. Mimi nilikunywa Stoney moja.

"Si meza ya 9 hii?"

Meza ya 9 umeninyang'anya, dada.

Kwa hiyo ukienda peke yako sehemu kama zile, sema jina lako liandikwe kwenye oda, usitegemee namba. Lipia kila kitu kinapofika, na ukilipa kwa lipa namba mwonyeshe mhudumu ujumbe kabla hajaondoka. Omba jagi na beseni uletewe mezani. Ukiinuka kwenda kunawa katikati ya chakula simu unaiacha kwa nani, na sahani utaikuta imeshaondolewa, wameona kiti kitupu wakadhani umemaliza. Na kaa mbali na feni. Feni ni ya wanaokunywa.

Nilishaamua nyota moja. Lakini mchomaji aliposikia makelele alikata vipande vitatu vya paja jingine, bila kupima, akavileta mwenyewe kwenye sahani ya bati. Vinachemka. Hakusema kitu, aliweka ndimu pembeni akarudi kwenye moshi wake. Basi nyota tatu. Au nne, kwa sababu mbuzi kama yule upande ule sijampata kwingine. Hapana, mbili: mhudumu mpaka naondoka hajasema hata pole, na zile bia nne nilibishana nazo mpaka kaunta. Nikirudi, na najijua nitarudi, nakaa kwenye benchi la pale jikoni. Lile halina namba.