Tairi jipya au la mtumba?

Kwa bei ya kununulia, mtumba unashinda. Ila pima kwanza kina cha kashata, yaani meno ya tairi yanayogusa barabara. Jipya huanza na takriban milimita 8, na nchi nyingi hukataza kushuka chini ya 1.6. Mtumba wa milimita 4 basi umebakiza 2.4 tu kati ya 6.4 za kutumia, na bado muuzaji anaweza kuuita "nusu mpya"!

Uhakika ni wa jipya. Ukichukua mtumba, soma tarakimu nne za tarehe ya kutengenezwa ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya 2019. Chungulia na ndani, viraka hujificha huko.

Upepo, matairi yote mawili hupimwa yakiwa baridi.

Unazunguka mjini polepole, gari unaliuza karibuni? Mtumba uliokaguliwa unatosha. Safari ndefu za mvua zinataka jipya.