Tulilia kwenye kaburi la mtu mwingine, Dorset

Mama mkwe wangu ni Mwingereza, mzaliwa wa London, na kwa miaka yote niliyomjua hakuwahi kunitajia mzee wa ukoo wake zaidi ya babu aliyemlea. Bibi yangu kule Tanga alikuwa akiwataja wake mmoja mmoja huku anachambua mchele. Basi mama alipotimiza miaka 75, mimi na mume wangu tukamlipia zawadi: mtafiti wa nasaba wa kukodi, siku mbili, pamoja na gari lake, atuzungushe vijiji vya Dorset walikotoka watu wa upande wa baba yake. Tulilipa pauni 380. Chakula na malazi juu yetu.

Alitupokea stesheni ya Dorchester na faili nene kama Msahafu. Mtu mcheshi, anayapenda mambo yake. Njiani alitueleza kwamba amempata mzee wetu wa ukoo, John, kibarua wa shamba, katika sensa ya 1841, umri miaka 35. Akarudi nyuma kwenye rejista za ubatizo, akakuta John wa 1806 katika kijiji kimoja cha bonde la mto Piddle. (Maana ya jina la mto huo kamuulizeni Mwingereza, muone atakavyoficha cheko.)

Kanisa la mawe, nyasi mpaka magotini, na kaburi lenye jiwe refu lililochongwa maua. Kuvu limekula nusu ya herufi, lakini jina linasomeka. Mama akalia. Mume wangu naye, ambaye sijamwona akilia tangu harusi yetu, akageukia ukuta. Mimi niliweka maua, ila moyoni nilikuwa na swali. Kibarua wa shamba jiwe la namna ile alilipata wapi?

Mchana tulipita Tolpuddle, na hapo ndipo swali likanikaa kooni. Mwaka 1834 vibarua sita wa kijiji hicho walihukumiwa kupelekwa Australia, kosa lao likiwa kiapo cha siri walipounda chama cha kutetea ujira. Ujira wenyewe ulikuwa umeshuka hadi shilingi saba kwa wiki, na wakatishiwa sita. Mmoja wao, James Hammett, alirudi kijijini akaja kufia kwenye nyumba ya maskini ya Dorchester, mwaka 1891. Sasa wa shilingi saba atachongewa maua?

Usiku, hotelini, nikafungua lile faili. Kumbe sensa ya 1841 ilikuwa na utaratibu wake: watu wazima walipunguziwa umri hadi tano ya chini yake, kwa hiyo mtu wa miaka 39 aliandikwa 35. Ile ya 1851 ndiyo iliyouliza umri kamili na parokia ya kuzaliwa. Karatasi ya 1851 ilikuwemo humo humo: John, miaka 49, na parokia yake ni nyingine kabisa, kijiji cha tatu kutoka pale. Mtafiti aliyelipwa alikuwa nayo mkononi, hakuisoma mpaka mwisho.

Asubuhi nilimwonyesha. Uso ulimwiva, akaomba radhi bila kuzungukazunguka, akaturudishia pauni 100. Hilo nalihesabu kwa upande wake.

Siku ya pili ndiyo iliyolipa safari yote. Tulishinda Dorset History Centre, hifadhi ya nyaraka za kale, mjini Dorchester. Mikoba kwenye kabati, kalamu ya wino marufuku, unaandika kwa penseli. Rejista ya ndoa tuliiona kwenye skrini. Mwaka 1825, John na mkewe, na mahali pa sahihi kila mmoja ameweka msalaba, wa mke umepinda kidogo. Kasisi ameandika pembeni kwamba hiyo ni alama yake. Mama aliigusa skrini kwa kidole, akakaa kimya muda mrefu. Kisha tukaletewa daftari lenyewe, la karatasi, la wasimamizi wa maskini wa parokia, na humo jina la John lipo tena: amepewa fedha za viatu vya mtoto.

Kijijini kwake kwenyewe hatukuona kaburi. Vibarua wengi walizikwa bila jiwe, au kwa ubao uliokwisha kuoza. Tulizunguka kanisa mara mbili, tukaondoka.

Kwa anayefikiria huduma ya aina hii: picha za rejista na sensa unaweza kuzitazama mwenyewe kabla hujatoa hata senti, maana maktaba nyingi za umma Uingereza zina tovuti za nasaba bila malipo. Mlipe mtaalamu kwa siku ya nyaraka, ambako kusoma mwandiko wa karne ya 18 ni kazi ya watu. Siku ya gari sikuona thamani yake, ingawa vijiji vile bila gari utahangaika. Jumapili basi usilitegemee.

Mimi natoa nyota tatu. Mama anasema nne. Na maua ya yule John mwingine alikataa tusiyarudie. Alisema huenda hakuna aliyemletea kwa miaka mia.