Kliniki iliyouliza habari ya mtoto kabla ya kunipasua

Nyota nne kwa kliniki ya wanawake iliyonifanyia upasuaji wa endometriosisi, yaani tishu kama za ndani ya mfuko wa uzazi kuota nje yake, hapa Dar. Ya tano nimewanyima mapokezi.

Tangu sekondari nyumbani waliniambia maumivu yangu ni chango, nikanywa mizizi ya kila aina. Daktari bingwa wa pale aliangalia ultrasaundi, akaona uvimbe kwenye ovari ya kushoto umejaa damu ya zamani, nyeusi kama chokoleti. Kabla ya kupanga tarehe aliniuliza: "Dada, mtoto unamtaka? Lini?" Akanieleza kwamba kubandua ganda la uvimbe ni bora kuliko kunyonya damu tu, maana ukinyonywa hurudi upesi, ila ganda linaweza kuondoka na mayai mazima. Ndiyo maana alitaka kwanza nipime AMH, kipimo cha damu kinachokadiria akiba ya mayai. Bima ililipa upasuaji, kipimo hiki nikalipa mwenyewe. Ningelipa tena.

Upasuaji ulikuwa wa matundu madogo. Kovu la kitovuni halionekani. Kilichonitesa ni bega! Ile gesi wanayojaza tumboni huleta maumivu hadi begani, na wauguzi wangeniambia mapema nisingepata hofu ile.

Siku ya majibu daktari alituwekea video ya upasuaji, mimi na mume wangu. Tukaona rangi ya bluu, ya kupima kama mirija ya uzazi imeziba, ikitoka kwenye mirija yote miwili. Sijui niliwahi kufurahia rangi kiasi kile. Kisha akanipigia alama za EFI, za kukadiria nafasi ya kushika mimba wenyewe baada ya upasuaji, zinazoanzia 0 hadi 10: umri, muda mliotafuta, kama uliwahi kushika mimba, hali ya mirija na ovari baada ya upasuaji. Nilipata 7, akasema tujaribu wenyewe kwanza, tusikae mwaka mzima bila kurudi, "na shemeji naye apime mbegu." Kwingine nilishauriwa sindano za kusimamisha hedhi baada ya upasuaji. Yeye alisema mwongozo wa Ulaya wa 2022 hauzipendekezi kwa lengo la kuongeza nafasi ya mimba pekee. Kwa anayetafuta sasa zinamchelewesha tu.

Mapokezi wabadilike. Kumwita mgonjwa "yule wa kutafuta mtoto" mbele ya benchi zima ni kumuumiza, na wengine hawatarudi.

Bado tunatafuta. Ukienda, omba ripoti ya upasuaji na video kwenye flashi; wanatoa, na mkifikia kupandikiza mimba daktari atazihitaji.